Dari ya Ambulansi

Hospitali ilipoichoka, Bisimwa akainunua:
ambulansi kuukuu, king'ora bubu, mlango wa nyuma wa kubembelezwa.
Palipokaa machela akapigilia kitanda cha mbao za mkaratusi,
na kwenye ndoano ya dripu mimi nikatundika vitunguu.
Majirani wa Kadutu walicheka: "Nyumba mnayo, mwatafuta nyumba?"
Nikawajibu, hii ina usukani.

Miaka ishirini na miwili aliendesha njia hii,
Bukavu hadi Minova, usiku wa manane, mvua za Aprili,
na ziwa ubavuni mwake muda wote, kama mke aliyenuna.
"Sijawahi kuliona," akaniambia, akifuta kioo.
"Nilikuwa naangalia mashimo."

Basi tukaenda kulitazama.
Mwendo wa kinyonga. Kavumu ikatupita pikipiki yenye mbuzi wawili.
Katana akatupita mtoto na ringi yake ya baiskeli,
akageuka, akatuonea huruma.

Tulilala Kalehe, makalio ya gari migombani, uso majini.
Nikakaanga sambaza kwa mawese,
moshi ukatokea dirisha lililozoea harufu ya spiriti.
Gizani wavuvi wakawasha taa zao,
mitumbwi mitatu mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti,
na Idjwi nyuma yao, nyeusi, imelala ubavu.
Bisimwa alihesabu taa. Akafika arobaini na moja,
akapotea, akaanza upya.
Sikumsaidia.

Tulikuwa tumeipaka rangi ya maziwa, mikono miwili,
lakini ule msalaba mwekundu haukubali kufa:
ukinyeshewa, hutokeza chini ya rangi kama upele.
Nyabibwe ilinyesha.
Akaja kijana ameshika shavu. Jino. Nikampa karafuu,
sikuwa na kingine, akashukuru kama nimemng'oa.
Kisha akaja Koko Namwezi, fimbo mkononi, kitenge kipya.
Haumwi. Haombi dawa.
Akaipiga bodi makofi mawili,
kama umpigavyo ng'ombe mnayejuana.

"Hii ilinibeba," akasema, "mwaka ule wa tumbo.
Nililala chali toka hapa hadi Bukavu.
Watu husifu njia ile. Mimi najua dari yake tu:
parafujo saba, na kutu moja yenye umbo la sikio."

Bisimwa akapanda nyuma, akainua tochi.
Sikio lilikuwepo.
Siku tatu tulikuwa tukilala chini yake, tukigombana kuhusu blanketi.

Nikampisha mbele, nikahamia nyuma na vitunguu vyangu.
Akakaa, fimbo katikati ya magoti,
tukaukabili mlima kwa gia ya kwanza,
klachi ikilalama, sufuria ikinigonga kisigino,
kona, na kona, na kona nyingine,
mpaka gari likasimama na injini ikazimwa.

Kwa kitundu cha dereva niliona bega la Koko,
na mkono wake umetoka dirishani, kiganja juu,
kama mtu anayepima kama mvua imekwisha.
"Yale meupe kule chini?"
"Mawingu, Koko. Yameangukia majini."
"Mh." Akafikiri. "Na siku ile yalikuwa wapi?"

Bisimwa hakujibu. Siku ile
pengine ni yeye aliyekuwa kwenye usukani,
anakwepa shimo moja, anaingia la pili,
anaomba tu mgonjwa asinyamaze.

Mimi nililala chali, maana kukaa hakukuwezekana.
Parafujo saba. Nilizihesabu, zilikuwa saba.
Ziwa sikuliona, nitaliona kesho, mafuta yakitosha.
Lakini namna wale wawili walivyonyamaza kule mbele,
muda mrefu, hadi kitunguu kikaacha kuning'inia huku na huko,
nikajua limekuja lote.